Kijapani cha Kumpa Mtu Pole

Siku ya kwanza darasani mwalimu alituuliza mmoja mmoja kwa nini tunataka kujifunza Kijapani. Wengi walikuwa vijana wa Mikumi, na wengine walitoka Ruhembe, wamechoka kukata miwa. Walitaka kazi ya kuongoza watalii mbugani. Mmoja alisema anataka kuoa Mjapani, wenzake wakampigia makofi. Zamu yangu ilipofika nilisema nataka kumpa mtu pole.

"Pole ya nini, mama?" mwalimu akauliza.

"Ya msiba. Amefiwa na binti yake. Nataka nimpe pole kwa mdomo wangu, na anieleze binti alivyougua. Yuko Japani, na mimi sijui neno lao hata moja."

Kijana aliyekaa nyuma yangu alikuwa ameanza kucheka. Akanyamaza katikati. Mwalimu alifuta ubao uliokuwa tayari safi, kisha akasema, "Karibu, mama. Ila nikwambie ukweli mapema. Kijapani changu ni cha simba na tembo. Nilifundishwa cha kazi."

Nilimshukuru kwa kuniambia. Nikakaa.

Binti huyo aliwahi kuishi nyumbani kwetu Kilosa. Alikuja kufanya kazi na wakulima wa mpunga na mboga wa Chanzuru, akapanga chumba uani kwa mama yangu, karibu na reli. Babu yangu aliletwa Kilosa na kazi ya mkonge, na majirani zetu wengi ni wajukuu wa watu wa mkonge na reli, Waislamu na Wakristo, kila mmoja na kabila lake. Uani kwetu hakuna wa kumwuliza mwenzake katoka wapi. Sote ni wageni tuliochelewa kuondoka. Mimi wakati ule nilikuwa nimeachika na nimerudi kwa mama, na chumba changu na cha yule binti viligawana ukuta.

Majuma ya kwanza alikuwa akilia. Alifungulia maji kwenye ndoo ili tusimsikie, lakini bomba letu halina maji ya kutosha kuficha kilio. Mimi nilijifanya sisikii. Mama yangu alisema, "Mtoto wa mtu halii peke yake," akachukua mkeka na ungo wa mahindi, akaenda kukaa mlangoni pa yule binti. Hakubisha hodi. Alikaa anapukuchua mahindi mpaka kilio kikaisha, akarudi jikoni. Siku iliyofuata akakaa tena. Mwishowe mlango ulifunguliwa, binti akatoka, akakaa mkekani na kuchukua gunzi. Alipukuchua vibaya, punje zikawa zinawarukia kuku. Toka hapo sikumsikia akilia tena mpaka siku ya kuondoka, na siku hiyo tulilia uani kote.

Alikuwa mtu wa kuchekesha bila kujua. Alivyoambiwa kuwa shikamoo ni heshima, aliona heshima haizidi, akawa anawaamkia mpaka watoto wa shule ya msingi. Wale watoto walifuatana mlangoni asubuhi kungoja shikamoo yao, wakiitikia "Marahaba, hujambo" kwa sauti za kizee, mpaka mama alipowatimua kwa ufagio. Baadaye alikuja kukijua Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu. Mimi sikujifunza cha kwake. Sikuona haja, maana yeye alikuwa akitusemesha.

Muda wake ulipokwisha alirudi kwao. Mimi nikapata kazi ya kufua kwenye hoteli ya watalii Mikumi. Tuliandikiana kwa simu, mambo ya kawaida: mvua, mahindi, mama kaumwa miguu. Kisha akanyamaza. Nilidhani ameolewa. Siku moja nikiwa naanika mashuka ujumbe ukaingia kutoka namba yake, kwa Kiswahili ambacho hakikuwa chake. Ulisema: "Mimi ni mama. Binti amekufa kwa ugonjwa. Asante kwa wema wakati wa uhai." Nilielewa kuwa mama yake ameandika kwa lugha yake na simu ndiyo iliyogeuza.

Nilijibu, na jibu langu simu ikaligeuza vilevile. Sikujua simu ilimwambia nini yule mama. Alijibu asante tu. Hilo lilinikaa kooni muda mrefu, kwamba nimempa mtu pole na sijui nimempa nini.

Kilosa, mama alitandika mikeka. Jirani mmoja aliuliza, "Matanga bila maiti?"

"Maiti iko kwao," mama akamjibu. "Kilio ni cha huku."

Watu walikuja. Wakulima wa Chanzuru walikuja kwa baiskeli na mchele na ndizi. Waliosoma dua walisoma, walioimba waliimba. Lakini kila aliyefika aliuliza ugonjwa ulianzaje, na sisi hatukuwa na la kusema. Kwetu msiba huelezwa. Ulianzia wapi mwilini, alipelekwa hospitali gani, alikula nini mara ya mwisho, alisema nini. Anayefika huelezwa, na anayefika baada yake huelezwa upya kutoka mwanzo. Mama alikuwa akijibu, "Aliugua huko kwao," na watu wakaitikia "Eeh" kwa adabu, wakangoja kidogo, kisha wakatazama chini. Ule ungojaji ndio ulionipeleka darasani.

Darasa lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye shule ya watoto wadogo, kwa hiyo tulikaa kwenye viti vya watoto wadogo, magoti karibu na kidevu. Mwalimu wetu, ambaye tulimwita sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani, alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Hapo palikuwa na shida. Kwa Wajapani mwanafunzi husimama na kumwinamia mwalimu. Kwetu kijana hawezi kukaa akaangalia mama wa makamo anamwinamia. Siku ya pili nilisimama niiname, yeye akaniwahi na shikamoo.

"Marahaba," nikasema, kisha nikainama.

"Mama, basi, inatosha."

"Sensei, si ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria, lakini mama yangu akisikia atanichapa."

Tukakubaliana kwamba aniamkie kwanza, niitikie, halafu niiname. Vijana walilipenda jambo hilo. Kila Jumapili walikaa kimya kulisubiri, kisha wakapiga makofi.

Sauti za Kijapani hazikunisumbua. Maneno yao mengi huishia kama yetu. Sakana ni samaki, kuruma ni gari, yama ni mlima, na ukiyasema haraka unaweza kudhani ni majina ya vijiji vya Kilosa. Lililonisumbua ni mpangilio. Kitendo hukaa mwisho kabisa wa sentensi, na mimi nikifika mwisho nilikuwa nimesahau nilianza na nani. Halafu maandishi. Wana aina tatu. Mimi niliishia kidato cha pili, na niliposikia aina tatu nilifunga mkoba wangu. Kijana mmoja wa Ruhembe akaninong'oneza, "Mama, usiondoke, ukiondoka wewe mimi ndiye nitakuwa wa mwisho darasani." Nikabaki kwa ajili yake.

Herufi za aina ya kwanza nilizijifunza kazini, kwa kuandika na kidole kwenye zege lililolowa pale tunapofulia. Jua lilikausha upesi, nikawa naandika tena. Dobi mwenzangu alisimama na beseni lake akatazama.

"Unatufanyia uganga, au?"

"Ni herufi."

"Herufi gani inafanana na kuku aliyekanyagwa?"

Lakini baada ya miezi naye alikuwa akizitambua, na nikikosea aliniambia, "Kuku wa jana alikuwa na mguu mmoja zaidi." Namshukuru sana mwanamke huyo. Aina ya tatu ya maandishi sijaiweza mpaka leo. Najua alama za mlima, mto, mti, mtu, mtoto na nyingine chache, na sidhani kama nitaimaliza.

Maneno tuliyofundishwa yalikuwa kama sensei alivyosema. Usiogope. Amelala. Kaa ndani ya gari. Tazama kushoto. Tazama kulia. Mama na mtoto. Yuko peke yake. Wako pamoja. Taratibu. Choo kiko kule. Nilikuwa naweza kumwonyesha Mjapani nyati, lakini siwezi kumwambia pole. Kamusi ya kwenye simu ilinipa maneno, ila sikujua lipi la mzee na lipi la rika, maana nao wana heshima ndefu, pengine ndefu kuliko yetu.

Sensei hakujua pia. Aliona aibu kidogo, nami nilimwonea huruma. Alimtafuta kwa simu mtu aliyemfundisha yeye, akaandika, akarudia, akauliza tena, na Jumapili moja akaja na sentensi ndefu ya kumwambia mzazi aliyefiwa. Hakunifundisha pembeni. Aliiandika ubaoni kwa darasa zima.

"Sensei," akasema yule anayetaka kuoa, "hii tutamwambia mtalii gani?"

"Kwani watalii hawafiwi?"

Basi tukaisema wote, vijana wa miwa na mimi, kwa pamoja, tukianza upya kila ulimi unapoteleza. Nilikuwa sijapata kusikia pole ya watu wengi namna ile kwa ajili ya mtu mmoja asiyekuwepo. Niliinamisha kichwa ili wasione uso wangu, na nikaendelea kusema.

Kisha ukaja ujumbe kwamba yule mama anakuja Tanzania wakati wa kiangazi. Anataka kuona mahali mwanawe alipoishi.

Alifika Mikumi na dereva wa kukodi. Dereva hakujua Kijapani, na Kiingereza cha yule mama kilikuwa kidogo kama changu. Asubuhi nilimkuta nje ya nyumba aliyolala hotelini kwetu, mwanamke mfupi, mvi zimekatwa vizuri, kofia mkononi. Nikasema sentensi yangu yote bila kukosea. Aliinama chini sana. Nami nikainama. Akainama tena. Akasema asante, akaingia kwenye gari.

Ndiyo hivyo tu. Kwetu ukitoa pole, aliyefiwa hukushika, mkalia, akaanza kueleza. Nilikaa kiti cha nyuma pamoja naye nikafikiri, Jumapili zote zile, na imekuwa kama kumsalimia afisa. Gari likashika njia ya Kilosa. Sikuwa na neno lingine la msiba. Nilikuwa nimefika mwisho wa kile nilichojua.

Nje kidogo ya Mikumi kundi la nyani lilikuwa limekaa pembeni ya barabara, na bila kufikiri nikasema kwa Kijapani kama nilivyozoea darasani, "Tazama kushoto. Nyani. Mama na mtoto. Kaa ndani ya gari, tafadhali." Akanigeukia. Akacheka, amefunika mdomo kwa kiganja, sawasawa na binti yake. Niligeukia dirisha la upande wangu mpaka macho yakatulia.

Kilichotokea Kilosa sikukitazamia, na kilitokana na mimi kutomwandaa. Haikunijia kabisa kwamba lilikuwa jambo la kuandaliwa. Kwetu ndugu wa karibu akifika baada ya mazishi, msiba huamka. Wanawake wakimwona tu hupaza kilio upya, hata kama umepita mwaka, kwa sababu yeye hajalia nao. Na huyu alikuwa mama mzazi. Gari liliposimama, alishuka, na uani wakamwona.

"Uwiii! Mama! Mwanetu hatunaye!"

Walikuja mbio, mikono kichwani, mama yangu mbele, kanga imedondoka begani. Yule mama alirudi nyuma, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Mama, niwashe gari?" dereva akaniuliza.

"Usiwashe!"

Nikasogea dirishani. Sikuwa na maneno ila yale ya mbugani, nikayatumia hayo. "Usiogope," nikamwambia. "Usiogope. Taratibu. Kaa ndani ya gari, kama unataka. Hawa wote, mtoto wako, wanalia. Pamoja." Neno la kulia nililijua kwa sababu ndege hulia.

Alinitazama, kisha akawatazama kupitia kioo. Mama yangu alikuwa amewazuia wenzake kwa mkono. Akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, akawa analia kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu. Yule mama alimwangalia muda. Akafungua mlango mwenyewe. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama yangu, akaweka viganja chini, akainama mpaka paji la uso likakaribia ardhi. Mama hakujua afanye nini na salamu ile, akamshika mabega akamvuta kifuani. Yule mama alikakamaa kwanza. Baadaye hakukakamaa.

Tulipokwisha kukaa mkekani aliniuliza swali. Nililielewa, kwa kuwa ndani yake lilikuwemo lile neno la peke yake.

"Anasemaje?" wanawake wakauliza.

"Anauliza kama mwanawe alikuwa mpweke hapa."

"Mwambie hapana!" jirani akasema upesi. "Mwambie alifurahi toka alipofika. Mwenzio kafiwa, usimchome."

Angekuwa ameniuliza kwa Kiswahili, pengine ningeufunika ukweli kidogo. Kwa Kijapani sikuwa na maneno ya kufunikia. Nilikuwa na machache tu, na yote yalikuwa wazi.

"Ndiyo," nikasema. "Mwanzo, alilia. Mama yangu, mlango huu, alikaa. Siku nyingine, alikaa. Halafu, pamoja."

Aliutazama ule mlango. Ni mlango wa mbao wa kawaida, rangi imebanduka chini kwa mvua. Aliinuka, akaenda, akagusa sakafu ya kizingiti kwa mkono mahali pa kukaa mtu, akarudi mkekani. Kisha akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Hakuwa akisema na mimi peke yangu, alikuwa akisema na wote, na mama yangu alikuwa amemshika mkono. Nilishika hospitali. Nilishika dirisha, miezi, chakula kidogo, taratibu, amelala. Wanawake hawakuelewa neno hata moja, lakini wanajua mtu anavyoeleza msiba, mahali anapopumua na mahali anaposhindwa, na kila alipopumua waliitikia, "Eeh, mama. Pole, mama." Hawakuitikia mahali pasipofaa hata mara moja. Alipomaliza alifuta uso akanywa chai yote iliyokuwa mbele yake.

"Haya, kasemaje?" jirani akaniuliza.

Niliwaambia nilichoshika, nacho hakifiki nusu.

"Na ulianzia wapi?"

"Hapo sikushika."

"Masomo yote hayo!"

"Masomo ya simba hayo," mama yangu akasema. "Mwache. Kajitahidi."

Yule mama aliondoka kesho yake baada ya kupelekwa Chanzuru kuona mashamba. Namshukuru Mungu alikuja, na nawashukuru walionifikisha pale dirishani na neno la usiogope mdomoni. Lakini sikuridhika. Jumapili iliyofuata nilimwomba sensei atufundishe viungo vya mwili. Yule anayetaka kuoa akasema hayo ndiyo masomo aliyokuwa akiyasubiri siku zote, akafukuzwa nje, akarudishwa. Tukajifunza kichwa, kifua, tumbo, mgongo, miguu. Tukajifunza kuuma na kuvimba. Tukajifunza mwanzo na mwisho.

Nilipoona naweza, nilimpigia yule mama, nikamwomba anieleze tena, taratibu. Niliogopa ataona sina adabu. Kwao nadhani huulizi mara mbili. Akaniambia kuwa kwao hakuna aliyemwomba kueleza hata mara moja. Akaanza kutoka mwanzo. Nilipopotea nilimsimamisha, naye akarudi nyuma kidogo, akaendelea. Simu ilikuwa ya moto sikioni tulipofika mwisho.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda gari la Kilosa. Mama alikuwa uani anachagua mchele. Sikungoja hata maji ya kunywa.

"Ulianzia mgongoni," nikamwambia. "Alidhani ni uchovu wa kazi."

Mama aliweka ungo chini. "Mgongoni," akasema. "Eeh. Endelea."

Nikamweleza yote: hospitali ya kwanza, ya pili, kitanda cha karibu na dirisha, siku alizoweza kula uji na siku alizoshindwa, na mama yake alivyokuwa ameinuka kwenda kuchukua maji akarudi akakuta amelala. Mama aliitikia kila mahali.

Nilipomaliza alijifunga kanga yake vizuri. "Twende kwa jirani," akasema. "Naye alikuwa anauliza."

Kwa jirani ni mama aliyeeleza, kutoka mgongoni, kama mtu aliyekuwepo. Alipokosea nilimrekebisha, naye akaanza upya.